Vyungu vya watoto vimepasuka vyote saba, nisaidieni kabla ya Jumamosi

Uani_Tanga

Habari zenu wanajamvi. Wakubwa, shikamooni.

Niko Tanga mjini. Tangu shule zifungwe, kila Jumamosi asubuhi nakaa na watoto uani kwangu: wangu wawili na saba wa majirani. Wadogo wana miaka mitano, mkubwa kumi na mmoja. Hakuna malipo. Niliona wanashinda kwenye simu za wazazi mpaka adhuhuri, nikasema tufanye kazi za mikono kwa vitu vilivyomo ndani: magazeti, maboksi, vifuniko vya soda, vitambaa.

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu alituletea ndoo mbili za udongo kutoka kando ya Mto Zigi. Watoto hawakutaka kuinuka. Vikapatikana vyungu saba na ng'ombe wawili. Nikavianika juu ya bati saa sita mchana, nikijua kazi ya jua ni kukausha. Kufika alasiri vyungu vyote saba vina nyufa, viwili vimegawanyika kabisa.

Kuna mtoto wa miaka saba, mkimya sana, alikuwa amemfinyangia bibi yake kibakuli cha kuwekea tasbihi. Hakulia. Aliokota vipande vyake vyote, akavifunga kwenye gazeti, akaenda navyo kwao. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nimelala na jambo hili wiki nzima.

Naomba mniambie nilikosea wapi. Tena tulitengeneza bakuli za karatasi kwa gundi ya unga wa ngano, siku ya tatu zikaota ukungu na kunuka. Na hawa wa miaka mitano, ambao mkasi bado unawashinda, niwape nini? Vya kununua dukani siviwezi. Nilivyo navyo ni unga, chumvi, magazeti na trei za mayai.

Mjukuu_wa_Ikombe

Pole dada. Kabla sijasema lolote nijibu haya: nyufa zilianzia mdomoni au kitakoni? Kuta zilikuwa nene kiasi gani? Na udongo mliukanda, au mliutumia vilevile ulivyotoka kwenye ndoo?

Kaki_na_Uzi

Kwa nini usiwanunulie plastisini tu? Haipasuki, na haichafui uwanja.

Uani_Tanga

@Kaki_na_Uzi ahsante, ila kwa watoto tisa kila wiki sitaweza. Halafu plastisini haiachi kitu cha kumpelekea bibi.

@Mjukuu_wa_Ikombe vingi vilianzia kitakoni, ufa ukapanda juu. Kitako kilikuwa kinene kama vidole viwili, mdomo mwembamba. Vilikuwa vimegandia kwenye bati, kuvitoa nilitumia kisu. Udongo tulitoa mawe tu, hatukuukanda.

Mjukuu_wa_Ikombe

Basi umeshajijibu mwenyewe, dada yangu.

Bibi mzaa mama yangu alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, kwa Wakisi, kule Kyela kwenye Ziwa Nyasa. Vyungu vya huko hupakiwa kwenye mitumbwi kwenda soko la Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi. Nimekulia katikati ya udongo, na kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba udongo ukikauka unasinyaa. Kila chungu kinapungua. Kikipungua chote kwa pamoja hakina neno. Chako mdomo ulikauka kwanza ukajivuta, kitako kinene bado kibichi, na juu ya hapo kimeshikwa na bati hakiwezi kusogea. Lazima kipasuke. Jua la saa sita na bati la moto vimeharakisha tu.

Sasa fanya hivi. Udongo utie majini usiku kucha, ukoroge uwe kama uji, uuchuje kwa chekecheke ili mizizi na kokoto zibaki. Uache utulie, mwaga maji ya juu, kisha utandaze juu ya gunia mpaka uache kunata mikononi. Hapo ndipo unaukanda, tena unaukanda kweli, kama unga wa chapati, mpaka vipovu vya hewa viishe. Kujua kama unafaa, viringisha kamba nene kama penseli uizungushe kidoleni. Ikikatikakatika, una mchanga mwingi au umekuwa mkavu.

Ukiwa na chungu cha zamani kilichovunjika, ponda vigae vyake viwe kama chengachenga za mchele, uchanganye: konzi moja kwa konzi nne au tano za udongo. Vigae vimeshapita motoni, havisinyai tena, kwa hiyo vinaushika udongo usijivute sana. Bibi hakuwahi kutupa gae.

Unene uwe sawa pande zote, kama kidole kidogo cha mtu mzima, kitako kisizidi ukuta. Ukibandika mkono au sikio la mnyama, kwaruza pande zote mbili kwa uma, paka uji wa udongo, ndipo ubandike. Kipande kilichobandikwa bila kukwaruzwa kitadondoka tu.

Halafu kukausha. Weka chungu juu ya gazeti au majivu ili kitako kiweze kuteleza kikisinyaa. Kivulini, mbali na upepo wa mlangoni. Siku mbili za kwanza kifunike na kitambaa kibichi, kisha kigeuze mdomo chini kitako nacho kipate hewa. Tanga kuna unyevu, subiri wiki nzima au zaidi. Kujua kama kimekauka, kiguse na shavu lako. Kikiwa cha baridi, bado kina maji ndani.

Na huyo mtoto mwambie arudi na vipande vyake. Udongo ambao haujapita motoni haujaharibika. Uache ukauke kabisa, utie kwenye maji, utamumunyika wenyewe. Mkavu kabisa unamumunyika haraka kuliko wenye unyevunyevu. Kibakuli kilekile kinafinyangwa tena kwa udongo uleule.

Karafuu_Wete

Assalaam alaykum. Mie nijibu la ukungu.

Gundi yako ina makosa mawili. Kwanza nahisi hukuipika vizuri. Vijiko vitatu vya unga vikoroge na maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, ndipo umimine kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, ukoroge mpaka ing'ae. Tia kijiko kimoja cha chumvi na siki kidogo. Sisi huku Pemba tunatia na karafuu iliyosagwa, robo kijiko yatosha. Ukungu hauipendi karafuu, na nyumba inanukia.

La pili, mlibandika matabaka mengi kwa mkupuo. Tabaka mbili, kausha siku nzima, tabaka mbili tena. Karatasi ichane kwa mkono, usikate kwa mkasi. Kingo zilizochanwa zinalala vizuri. Na hiyo ndiyo kazi ya wale wa miaka mitano. Wape gazeti wachane, watakaa saa nzima wametulia. Bakuli mnalobandikia karatasi lipake mafuta ya kula kwa nje kabla ya kuanza, kazi itoke bila kuchanika.

Uani_Tanga

Wa alaykumu s-salaam dada. Ni kweli, nilikoroga na maji ya moto ya bomba, sikuipika. Na tulibandika matabaka manane siku moja!

Trei za mayai ninazo kama ishirini. Zinafaa kitu?

Karafuu_Wete

Zinafaa kuliko gazeti. Zichane vipande, ziloweke usiku kucha, asubuhi zitwange kwenye kinu au wazifikiche watoto kwa mikono. Kamua maji, changanya na gundi, unapata tope la kufinyangia. Hilo wadogo wanaweza kutengeneza matunda, samaki, vinyago vya uso. Linakauka jepesi na likianguka halivunjiki.

Mama_Pacha_Kibaha

Na unga wa chumvi je? Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogokidogo mpaka kikombe. Wanangu wanaupenda kuliko udongo.

Karafuu_Wete

@Mama_Pacha_Kibaha mzuri, ila sisi wa pwani tuwe waangalifu. Chumvi inavuta unyevu. Mie nilitengeneza nyota za mlangoni, mvua za vuli zilipoanza zikalegea zikaninginia. Ukaushe kwenye oveni ya moto mdogo, uupake vanishi, au uchukulie ni wa kuchezea siku hiyohiyo. Na mtoto asiule, chumvi yake ni nyingi mno kwa mwili mdogo.

Msafiri_Kla

Mimi Mtanzania niko Kampala. Kuna kilima cha Acholi Quarters, upande wa Kireka, wanaishi wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Wengi walikuwa wakiponda mawe kwenye machimbo ya hapohapo. Baadaye wakajifunza shanga za karatasi, na leo ukipita unawakuta wamekaa kivulini wanaviringisha kalenda kuukuu na mabango. Nilikaa nao mchana mmoja nikafundishwa, na tangu hapo sitazami kalenda ya mwaka uliopita kama takataka.

Chukua karatasi ngumu kidogo ya rangi, kalenda au jarida. Kata pembetatu ndefu nyembamba: kitako sentimita 2, urefu ule wa karatasi ya A4, karibu sentimita 30. Weka kitako kwenye kijiti cha chelewa, kile cha ufagio, anza kuviringisha kwa kubana ncha ikiwa katikati. Ukifika nusu paka gundi nyembamba, malizia, tone moja kwenye ncha. Chomoa kijiti. Ukitaka shanga ndefu, panua kitako. Ukitaka nene, refusha karatasi. Kukata waachie wale wa miaka tisa kwenda juu, kuviringisha waachie wa saba. Zikikauka zitunge kwenye uzi, mtu mzima ndiye apake vanishi, nje, mara mbili.

Nikisoma habari za huyo mtoto wa tasbihi nimefikiria: shanga 33 za karatasi anaweza kuzimaliza kwa Jumamosi mbili.

Uani_Tanga

@Msafiri_Kla umenitoa machozi. Hilo sikuliwaza kabisa.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha darasa la pili miaka mingi, na nimesoma yote yaliyosemwa, ni ya kweli. Naongeza tiara, kwa sababu mwezi huu kaskazi inavuma na Tanga mna ufukwe.

Chelewa mbili zifungwe msalaba, uzi uzungushwe kwenye ncha zote nne, karatasi nyepesi ibandikwe kwa wali uliopondwa, ambao ndio gundi tuliyotumia sisi. Mkia wa kitambaa cha kanga iliyochakaa, urefu mara tano au sita ya tiara yenyewe. Ikizunguka ovyo angani, mkia ni mfupi. Ikishindwa kupanda, mkia ni mzito. Waache watoto waligundue hilo wao. Warushie mahali wazi, mbali na nyaya za umeme.

Jambo moja zaidi. Usiwarekebishie kazi zao. Nilikuwa nikifanya hivyo ujanani, nanyoosha ng'ombe wa mtoto awe na miguu sawa. Mtoto mmoja aliniambia, "Mwalimu, sasa ni wako." Sijalisahau.

Baba_wa_Nakuru

Mwalimu amesema ukweli. Huku kwetu Kenya tangu mtaala wa umilisi uje, watoto wanaletwa nyumbani na kazi za kutengeneza vitu, na wazazi tumezifanya sisi usiku wa manane ili zionekane nadhifu. Nilimtengenezea binti yangu sanamu ya kutisha ndege, ikasifiwa, na yeye hakuigusa hata mara moja. Nilijuta. Ya pili alitengeneza mwenyewe, imeinama upande, iko shambani mpaka leo.

Pwani yetu tiara wanaiita kishada, kama kuna mtu atachanganyikiwa.

Uani_Tanga

Mtoto wangu mkubwa anauliza kama tunaweza kuvichoma vyungu wenyewe.

Mjukuu_wa_Ikombe

Mnaweza, ila si mwezi huu na si watoto tisa mbele ya moto. Chungu chenye maji hata kidogo, yakigeuka mvuke kinalipuka, na vipande vinaruka. Lazima kwanza vikae karibu na jiko siku nzima vipashwe pole pole. Tena moto wa jiko la mkaa hautoshi sehemu zote. Udongo unahitaji kufika kama nyuzi 600 ndipo uache kumumunyika majini. Mtafute mfinyanzi wa karibu, aweke vya watoto katikati ya vyake. Kibakuli cha tasbihi hakihitaji moto hata hivyo, maadamu hakitatiwa maji.

Uani_Tanga

Nimerudi na majibu, na ahsanteni wote.

Ijumaa jioni nilikwenda kwa bibi yake yule mtoto. Vipande vilikuwa bado kwenye gazeti, chini ya kitanda. Nilimweleza kama nilivyoelezwa hapa. Hakujibu, lakini Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika, kifurushi mkononi.

Tukavitia kwenye beseni la maji. Vilitoa vipovu, kingo zikaanza kuporomoka kama biskuti kwenye chai. Watoto wote waliacha kazi zao wakaja kuinama juu ya beseni. Baada ya nusu saa hakukuwa na kibakuli, kulikuwa na tope laini. Aliingiza mkono, akacheka. Tuliukamua kwenye kanga, tukaukanda na vigae vya chungu changu cha pilau kilichovunjika mwaka jana. Amefinyanga upya, chembamba kuliko cha kwanza, kitako sawa na ukuta. Kimeinama kidogo upande mmoja na sikukigusa, @Mwalimu_Mstaafu.

Wadogo wamechana trei za mayai mpaka zimekwisha. Gundi ya karafuu ina siku ya tano haijabadilika. Shanga 11 za karatasi ziko tayari, kutoka kalenda ya duka la jirani.

Kibakuli kiko chini ya ngazi, juu ya gazeti, nimekigeuza jana. Hakuna ufa. Mwenyewe anapita kila jioni akitoka madrasa, anapiga magoti, anakigusa na shavu. Leo nimemuuliza.

"Bado cha baridi," kasema, akakifunika akaondoka.