Tanga: nyumba ya zamani pembeni ya pori Amboni, au boma la Kange?

Mpangaji_Chumbageni
Wakuu, habari za mchana. Mimi, mke wangu na watoto tumechoka kupanga, na mezani yamebaki mambo matatu.

La kwanza ni nyumba ya zamani upande wa Amboni, ukishaacha barabara ya Horohoro. Imejengwa enzi za mkonge: kuta nene za mawe, dari juu sana, baraza mbele na nyuma, vyumba vinne, miembe miwili iliyokomaa, eneo linakaribia nusu ekari. Nyuma ya ua hakuna jirani. Ni kichaka tu, mkonge uliojiotea umechanganyika na miba na majani marefu, kinashuka hadi bondeni kwenye Mto Zigi. Wanauza warithi, wanataka milioni 75.

La pili ni boma Kange, yaani nyumba isiyomalizika, kuta zimefika kwenye lenta, kiwanja kimepimwa, mita za mraba 600, hati ipo. Milioni 38. Majirani kila upande, stendi karibu.

La tatu ni kubaki hapa tulipo, tununue kiwanja Pongwe na kujenga mdogomdogo.

Moyo wangu uko Amboni. Mke wangu akisikia neno pori anauliza nyoka. Nipeni maoni, hasa mliowahi kukaa pembeni ya vichaka.

Binti_Mabokweni
Kaka, mimi nimekulia huku huku, nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kichaka hadi naolewa. Mwambie wifi nyoka wapo, tusidanganyane, lakini nyoka anamfuata panya na panya anafuata pumba za kuku. Banda la kuku liwe mbali na nyumba, kuni zisiegemezwe ukutani, majani yafyekwe yawe mafupi kuzunguka nyumba yote, na uwazi chini ya mlango wa jikoni uzibwe. Wa kumwogopa zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Analala kwenye majani makavu chini ya mwembe na wewe ndiye unayemkanyaga. Usiku hatutoki bila tochi, hata kwenda kufunga geti. Swila wa kutema naye akikupata machoni, osha kwa maji mengi na uendelee kuosha. Akikuuma yeyote, msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Mtulize mgonjwa, mguu usitikisike, mkimbilie hospitali ya Bombo. Mchana si mbali. Usiku bila usafiri wako mwenyewe ndiyo kazi, hilo lihesabu kwenye bajeti.

Kilichotusumbua sisi zaidi ya nyoka ni ngedere. Maembe hamtayaona yakiiva. Na komba akilia usiku, mgeni wako wa kwanza atadhani kuna mtoto katupwa huko nyuma.

Kijana_wa_Makorora
Tanga waja leo waondoka leo, wewe umekaa miaka yote hiyo halafu unaondokea kwa komba? 😂 Nunua Kange, ukae na watu.

Fundi_Paa
Kabla ya nyoka, paa ni la nini?

Mpangaji_Chumbageni
La asbesto mkuu, yale mazito ya kijivu yenye mawimbi. Yameota weusi, na upande wa jiko mawili yamepasuka. Dalali anasema hayo ndiyo mapaa ya kweli, hayapitishi joto.

Fundi_Paa
Kuhusu joto dalali hajasema uongo. Asichokwambia ni kwamba asbesto ikiwa nzima na haiguswi haina shida kubwa, ila ikipasuka, ikikwaruzwa, ikitobolewa au ikikatwa inatoa nyuzi ndogo ambazo huzioni. Zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Saratani yake inaweza kuchukua miaka ishirini au zaidi kujitokeza, kwa hiyo usimsikilize mtu anayesema "mimi nimefanya kazi hiyo na mzima". Una watoto, na jiko liko chini ya yale yaliyopasuka. Kwa hiyo hesabu yako ianze na kuezua paa zima, si kubadilisha mawili.

Kuezua nako si kama mabati. Yanaloweshwa maji kwanza, yanafunguliwa moja moja bila kuvunjwa, wanaoshusha wanavaa barakoa zinazofaa kazi hiyo, si zile za kitambaa. Hayaangushwi chini na hayatupwi kichakani. Uliza halmashauri mapema pa kuyapeleka.

Ukishafungua ndipo utaiona nyumba. Panda darini sasa, kabla ya kutoa hela. Gonga kenchi na papi, zile mbao zinazobeba paa, kwa nyundo. Mbao nzima inalia, iliyoliwa na mchwa inaitikia kwa sauti tupu, na bisibisi inazama bila nguvu. Angalia njia za udongo za mchwa nyuma ya fremu za milango, hasa ukuta ulio upande wa kichaka. Kama kenchi ni mvule wa zamani, unaweza kukuta ziko imara kuliko mbao za leo. Kama zimeliwa, unalipa paa mara mbili. Na ukiezeka upya weka mabati ya geji 28, ni manene kuliko geji 30. Chumvi ya Tanga geji 30 inaimaliza upesi.

Umeme pia. Nyumba za umri huo nyingi nyaya zake hazina waya wa ardhi na ganda limekauka, ukilikunja linavunjika. Tandaza upya nyumba nzima.

Mama_Bagoshi
Nitetee Kange kidogo, maana mnaipita tu. Boma kwenye lenta linaonekana rahisi kwa sababu lililobaki ndilo linalokula hela: paa, plasta, madirisha, sakafu, umeme, karo. Ukiongeza kwenye ile milioni 38 utaifikia ya Amboni na kuipita. Lakini unatoa pole pole, na kila shilingi unajua imekwenda wapi. Nyumba ya zamani inakudai yote kwa siku moja, siku ya kuhamia.

Ila boma nalo uliza kwa nini liliachwa. Nondo zilizochomoza zikiwa na kutu ya kubanduka, au tofali za juu zinamong'onyoka ukizikuna kwa ufunguo, mvua za masika zimeshalila. Na hati iwe kwa jina la huyo anayeuza, si la shemeji yake.

Mpimaji_Mstaafu
Nimesoma yote. Nyoka watafyekewa, paa litabadilishwa. Ndugu yangu, mimi nina swali moja: hicho kichaka ni cha nani?

Unaipenda nyumba ile kwa sababu nyuma hakuna mtu. Basi unachonunua ni nusu nyumba, nusu ule ukimya wa nyuma yake, na huo ukimya haumo kwenye mkataba wako. Tanga hakuna pori lisilo na mwenyewe. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967, miaka ya 1990 yakauzwa kwa watu binafsi, mengine yakaachwa yakaota vichaka, na baadhi Rais akafuta miliki zake yagawiwe wananchi. Kwa hiyo kichaka cha mkonge unachokiona leo kinaweza kuwa shamba la mtu mwenye hati yake kabatini. Kinaweza kuwa tayari kimechorwa viwanja. Na upande huo wa Amboni na Kiomoni mwamba ni chokaa, kwa hiyo kinaweza kuwa machimbo ya kesho. Kokoto na tanuri za chokaa ukizipata nyuma ya ua, vumbi litakaa juu ya kila kitu na utaitamani Kange.

Sehemu moja ndiyo yenye usalama fulani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima kutoka Zigi. Kichaka kilichomo ndani ya hizo 60 kina nafasi nzuri ya kubaki kichaka. Kilicho juu yake usikilipie hata senti.

Sasa swali hilohilo ligeuze kwa nyumba yenyewe. Nyumba za mkonge nyingi zilijengwa ndani ya hati kubwa ya shamba. Mfanyakazi au msimamizi akaachiwa nyumba, akaishi, akafa, wanawe wakarithi. Kuta ni zao, ardhi je? Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Kama kiwanja hakijakatwa kutoka hati mama, huuziwi kiwanja, unauziwa matumaini. Kama hati ipo, soma miaka. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na ya miaka 33 iliyotoka 1990 iliisha 2023. Soma na matumizi: kikiandikwa kilimo, kuna kazi ya kubadilisha kuwa makazi.

Warithi wakuonyeshe nani msimamizi wa mirathi. Kama ni mahakama ya mwanzo, anayo Fomu Namba 4. Hela usimpe kaka mkubwa kwa sababu ndiye anayeongea sana. Na kama kuna mjane anaishi humo, akae mezani na asaini.

Binti_Mabokweni
Mzee kasema. Niongeze moto. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na watu wanaandaa mashamba kungojea masika, huko nyuma kunawaka kila mwaka. Mkonge mkavu ukishika hauzimiki kwa ndoo. Lima ukanda wazi kati ya ua na kichaka, mita kadhaa, uwe udongo mtupu kila ikifika Desemba. Na jiko la makuti usijenge upande huo.

Mdau_wa_Pongwe
Na maji. Kwenye chokaa, maji ya karo hayachujwi, yanapita kwenye nyufa na kutokea kwingine. Kama nyumba ina kisima na shimo la choo la zamani kwenye ua mmoja, usinywe kabla ya kupima. Uliza kama bomba la mamlaka ya maji limefika au ni kisima tu.

Mpangaji_Chumbageni
Nashukuru sana. Nimepita huko leo na fundi. Kenchi ni mbao ngumu za zamani, zote zinalia isipokuwa mbili za juu ya jiko. Bomba la maji lipo ila mita iliondolewa. Msimamizi wa mirathi yupo, fomu ameionyesha, ila karatasi ya ardhi ni offa ya zamani tu, ile barua ya kupewa kiwanja, haikuwahi kufuatiliwa hadi hati. Mwenyekiti wa mtaa anasema nusu ya kichaka, upande wa juu, ina mwenyewe na aliwahi kuja na wapimaji. Kile cha chini kuelekea mtoni hakuna anayekigusa.

Mke wangu amesema kama tunakwenda, paa liwe limeshatoka kabla hajaleta hata sufuria.

Mpimaji_Mstaafu
Offa si mbaya, ila ipelekwe ofisi ya ardhi wakuthibitishie kwa maandishi kwamba bado iko hai na kiwanja kipo kwenye ramani ya mipango miji. Pango la ardhi lililolimbikizwa lilipwe na wauzaji au likatwe kwenye bei. Wafuatilie hati kwa jina la msimamizi, wewe uweke malipo kwa awamu kwa mkataba wa wakili, awamu kubwa itoke hati ikitoka. Na bei ya 75 ni ya nyumba yenye pori la kudumu nyuma. Hiyo yako ina nusu pori, haina hati na haina paa. Anzia 50.

Mama_Bagoshi
Wakikataa, njoo Kange. Boma bado lipo.

Fundi_Paa
Siku ya kuezua watoto wakalale kwa bibi yao, na nguo za mafundi zisifuliwe pamoja na zenu. Zile kenchi mbili za jikoni niite nikuonyeshe mbao za kubadilishia kabla hujanunua kwa mtu.