Mbwa mweupe si shuka: malalamiko kuhusu waosha mbwa wa mitaani hapa Nakuru

Wanajukwaa, hamjambo. Nina hasira, ila nitajitahidi kueleza kwa utaratibu. Hapa Nakuru wamezuka watu wanaozunguka mitaani, kuanzia Milimani hadi Lanet, wakijinadi kuwa mabingwa wa kuosha na kuchana mbwa nyumbani kwa mteja. Jumamosi iliyopita mmoja wao alikuja kwetu kumwosha mbwa wetu, Spitz wa Kijapani, mweupe pepepe, na kilichotendeka sitakinyamazia.

Kwanza alimlowesha kabla ya kumchana. Spitz ana manyoya ya tabaka mbili, yale marefu ya juu na sufu nzito iliyojificha chini yake. Sufu hiyo ikiwa na mafundo kisha ikamwagiwa maji, mafundo hukaza hata kitana kisipite. Ndivyo ilivyokuwa nyuma ya masikio na kwenye makwapa. Badala ya kuyafumua taratibu kwa vidole na kitana cha chuma, akianzia nchani na kusogea polepole kuelekea kwenye ngozi, bwana huyu alitoa mkasi, akakata fundo la kwapa likiwa linachuruzika maji, akamkata na ngozi. Mbwa alipolia, akashauri tumnyoe mwili mzima eti kwa ajili ya joto. Joto gani? Mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Julai sisi wenyewe hatuvui sweta. Tena manyoya hayo ndiyo yanayoikinga ngozi yake na jua, na yakinyolewa huenda yakaota tena kwa mabaka.

Nilipoingia ndani kuleta taulo na kurudi, nilimkuta amekoroga kwenye beseni sabuni ya unga, bluu ya kufulia na dawa ya klorini ya kutolea madoa. Nilipomuuliza, alinijibu bila haya, "Mama, hiyo ndiyo inatoa umanjano." Tayari alikuwa ameshampaka kidevuni, tumboni na mapajani. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyekundu, na manyoya ya kidevu yameshika rangi ya samawati.

Ule wekundu wa kahawia chini ya macho na kwenye nyayo, ambao watu hawa huuita uchafu, hutokana na porfirini, kemikali ya asili yenye kutia rangi, iliyomo katika machozi na mate ya mbwa. Hupunguzwa kwa kupangusa kila siku kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu na kukausha vizuri, na machozi yakizidi, anayehitajika ni daktari wa mifugo. Klorini karibu na jicho ni ukatili. Hata shampuu yetu sisi haimfai, maana ngozi yetu ina asidi zaidi kuliko yake. Ziko shampuu za mbwa katika agroveti, zenye maelezo kwenye chupa. Na vumbi letu hili la Nakuru, sehemu kubwa hutoka kwa brashi tu manyoya yakiwa makavu.

Mwishowe alitaka kumfunga juani akauke. Juu hukauka upesi, lakini sufu ya chini hubaki na unyevu, na hapo ndipo vidonda vya majimaji huanzia. Nilimsuuza upya mwenyewe mpaka maji yakatoka meupe, nikamkausha kwa taulo na mashine ya nywele kwenye moto mdogo, nikiyapasua manyoya mpaka ngozi ionekane. Daktari amethibitisha kuwa ngozi imechomwa na kemikali.

Huyo bwana alidai malipo kamili, pamoja na "pesa ya dawa". Sikumlipa, na sitamlipa. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nami picha ninazo. Akituma ujumbe mwingine wa kunidai, tutaonana kituoni.

Kama kuna anayemfahamu mtu hapa mjini anayechana kabla ya kulowesha na asiyeona vibaya kusimamiwa, naomba aniandikie.