Watoto 90, mzee mmoja na tawi la mchu: mnaanzaje?

Karani wa Gati (Tanga)
Wanajamvi, habari zenu. Nimestaafu bandarini mwaka jana, na kukaa barazani tangu asubuhi naona kunanizeesha kabla ya siku zangu. Nikaenda shule ya msingi ya jirani kuomba kujitolea, watoto waijue pwani yao: miti, ndege, kaa. Mwalimu mkuu alikubali papo hapo, kwa haraka iliyonitia shaka kidogo.

Ijumaa ya kwanza nikapewa darasa la nne. Watoto 90. Mwalimu wa somo aliponiona tu, akabeba madaftari yake ya kusahihisha akaenda zake ofisini. Nimeongea dakika 40 nikiwa na tawi la mchu, mmoja wa mikoko yetu, mkononi. Nikaeleza chumvi yake, mizizi yake inayochomoza matopeni kama penseli, nikafika mpaka kwenye mlilana unavyotoa mataruma ya vyombo vya baharini. Nikauliza nani ana swali. Mmoja akanyoosha kidole: "Babu, hii itatoka kwenye mtihani?" Nikapita kuangalia madaftari. Wote wameandika: "Mchu ni mti." Tawi lenyewe hakuna aliyeligusa.

Wiki ya pili nikasema leo tunatoka nje, twende kwenye ule mti wa mkungu nyuma ya madarasa. Kundi zima likakimbilia stoo kuchukua mafyekeo. Walidhani wamekosa!

Nilicheka, kisha usiku sikulala vizuri. Mliowahi kuifanya kazi hii, nisaidieni.

Bi Mwalimu (Muheza)
Pole kaka yangu. Nimeshika chaki miaka 31, hilo la mafyekeo halinishangazi. Aliyechelewa namba anafyeka, aliyepiga kelele anachota maji ya miti. Mtoto anafika darasa la saba, jani kwake ni adhabu. Na mimi nimewatuma wengi tu, Mungu anisamehe.

Rudi kwa mwalimu mkuu, mwambie hutaki darasa, unataka klabu. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipoanzisha Roots & Shoots (klabu za mazingira za vijana) pale Dar es Salaam mwaka 1991 alikuwa na wanafunzi 12. Wewe unaanza na 90, una nini? Waje wanaotaka wenyewe, wasizidi 20, baada ya vipindi au Jumamosi. Mwalimu mmoja lazima awepo muda wote, na hili usilegeze hata akikuambia ana kazi: mtoto akikatwa na chaza, mgeni ndiye atakayeulizwa. Kutoka nje ya geti, kila mzazi atie sahihi, na afisa elimu kata apate nakala ya barua yako.

Na madaftari yabaki darasani. Penseli pia.

Mwana wa Gazi (Kwale)
Shikamoo mzee. Huku kwetu mradi wa kijiji wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko wanayoitunza, na pesa yake imeingia kwenye maji na shule za kijiji, kwa hivyo watu wazima mikoko wanaiheshimu. Lakini kwa mtoto usianzie huko, hewa haioni.

Anzia ulimini. Mchu hutoa chumvi kwa majani, mwambie alambe upande wa chini. Halafu tafuta tunda la mkomafi, lile kubwa kama mpira. Lipasue, mbegu zitawanyike, uwaambie walipange upya liwe duara kama lilivyokuwa. Utapata nusu saa ya kupumzika.

Kuhusu maji, wewe wa bandarini utanicheka, ila nimeona walimu wakipeleka watoto wakati wa maji mafu, yasiyotoka sana, wakakuta hakuna tope la kukanyaga. Ngoja bamvua, mwezi mpya au mpevu. Maji hutoka kabisa kwenye saa nne asubuhi, na jua bado halijawa kali.

Dogo wa Mbagala
Na sisi tusio na mikoko? Shule niliyopo ina kunguru na mwarobaini mmoja, basi. Nimewapa kazi ya kumchunguza kunguru, wakaniuliza kwa nini anaitwa wa Kihindi. Ikabidi nieleze alivyoletwa Zanzibar karne ya 19 aje kula taka. Sasa wanamwita "mwajiriwa".

Karani wa Gati (Tanga)
Marahaba, mwanangu. Bi Mwalimu, nimekutii. Jumamosi iliyopita ilikuwa bamvua: watoto 17, na mwalimu wao viatu mkononi.

Jani la mchu, wa kwanza alitema. Wa pili akarudi kuomba jingine, basi wakawa wanalamba kama ubuyu. Nikawaonyesha kaa mwenye gando moja kubwa, nikasema huyo ni mzee wao. Mtoto mmoja, baba yake mvuvi, akaniangalia kwa huruma: "Babu, huyo ni dume. Jike yake yote madogo." Miaka 60 naishi ufukweni! Tangu hapo akawa yeye ndiye anayeongoza, mimi nafuata nyuma na ndoo.

Mkomafi tuliupasua. Mpaka maji yanaanza kujaa hakuna aliyeweza kuupanga. Mwalimu akazikusanya mbegu zote kwenye mfuko, akasema atazimaliza nyumbani. Leo nimemuuliza zimefikia wapi, akabadilisha mazungumzo.