Watoto wa Mvumi 🍇

Shangazi Roda: Mbukwenyi. Jumapili saa 8 mchana maombi kwa Bibi. Somo 1 Petro 2:18–25, msome kabla ya kuja. Mstari wa 23 ndio wenyewe: "Yeye alipotukanwa, hakurudisha matukano, alipoteswa, hakuogofya, bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki." Naomba majina ya wanaokuja.

Shangazi Roda: Tangu asubuhi mmesoma mkanyamaza. Hata amina?

Mama Jeni: Amina wifi. Nilikuwa soko la Majengo, simu ilikuwa kwenye kikapu.

Yona: Amina shangazi. Mlenda utakuwepo? 😂

Shangazi Roda: Yona, tumbo baadaye. MAJINA.

Upendo: Shangazi shikamoo. Kabla ya jina nina swali. Mbona mstari huu kwetu anasomewa aliyetukanwa tu? Aliyetukana hakai kuusikiliza.

Shangazi Roda: Marahaba. Upendo, usianze.

Upendo: Sianzi, nauliza. Mstari wa 18 Petro anasema na watumishi wa nyumbani wenye mabwana wakali, watu wasio na pa kushtaki. Anawatia moyo, hasemi bwana ana haki ya kutisha. Mabwana wenyewe Waefeso 6:9 inawaambia waache kuwaogofya. Na Yesu alipopigwa kofi akihojiwa na kuhani mkuu hakutukana, hakutisha, ila aliuliza, "wanipigia nini?" Yohana 18:23. Mimi nilipouliza habari za mizabibu niliitwa mkorofi.

Daudi: Mizabibu tena 🙆🏾‍♂️

Baba Mdogo: Upendo chunga mdomo wako.

Yona: Baba mdogo, mstari wa 23 huo 😂😂

Shangazi Roda: Yona! Tuongee usafiri. Daudi, Noah yako ipo?

Mama Jeni: Baba Mdogo, shemeji yangu, siku ile ulisema atakayekanyaga shamba lako atatolewa kwa machela. Watoto walikuwepo. Jeni hadi leo anazunguka kwa bondeni.

Daudi: Noah ipo. Mafuta je?

Ezekia: Niko kwa Bibi. Nimemsomea yote. Anasema niandike kama alivyotamka: "Maneno yale yalisemwa kaburi la babu yenu halijakauka. Nilisikia, nikanyamaza, na kimya changu kimewaumiza. Jumapili aliyesema na walioambiwa watakaa mkeka mmoja, wazungumze mbele yangu. Kitabu tutafungua baadaye. Asiyetaka asije kunizika."

Mama Jeni: 🙏🏾

Upendo: Nakuja, Bibi.

Shangazi Roda: Haya. Upendo, Mama Jeni, Ezekia, Daudi. Wengine? Baba Mdogo?

Shangazi Roda: Baba Mdogo, naona umesoma.

Baba Mdogo: Jumapili napogoa mizabibu. Nikimaliza mapema nitapita.

Shangazi Roda: Mapema ni saa ngapi?

Yona: Mimi niandikeni. Mchele nani analeta?

Daudi: Mafuta ya gari hamjajibu.