Tupeane uzoefu: matembezi ya vilimani katika baridi ya Julai, hasa kwa tuliowahi kubaki nyuma

Mwenye mada

Ndugu wanachama, baridi imeingia, na vikundi vya matembezi hapa Nairobi vimeshatoa ratiba za kuanzia Juni hadi Agosti. Ningependa tusimuliane, si kuhusu mandhari, ambayo miezi hii mara nyingi humezwa na ukungu, bali kuhusu yaliyompata kila mmoja wetu alipotembea na kikundi katika baridi, hasa akiwa mkiani mwa msafara. Naanza mimi.

Mwaka wangu wa kwanza tulikwenda Milima ya Ngong, tukaanzia upande wa mitambo ya upepo kuelekea Kona Baridi, njia ya zaidi ya kilomita 10 inayopanda kilele, ikashuka, ikapanda kingine. Nilidandia matatu ya 111 alfajiri nikiwa na suruali ya jinzi na sweta ya pamba, nikijiona nimejikinga, kwa kuwa nguo hizo hunitosha kabisa nikiwa mtaani kwetu Umoja, hapa Nairobi. Kilele cha Lamwia kina mita 2,460, nasi wa mjini tunaishi kwenye mita 1,700 hivi. Tofauti hiyo peke yake hukunyang'anya nyuzi nne au tano za joto kabla hujahesabu upepo, na mitambo ile haikusimamishwa pale kwa urembo. Yalikuwa manyunyu tu, ya kumfanya mtu aone haya kufungua mwavuli, lakini kufikia kilele cha tatu jinzi ilikuwa nzito kama gunia lililolowa, ikinikaba magotini kila nilipoinua mguu.

Hata hivyo, kilichonimaliza ni mapumziko. Wenye kasi walifika juu, wakaketi, wakanywa chai, wakaanza kutetemeka, nami nilipochomoza ukunguni, mmoja wao alipiga makofi na kusema, "Haya, tumetimia, twendeni." Mara ya nne niliketi kwenye nyasi nikakataa kuinuka. Mama mmoja wa makamo alirudi, akafungua chupa ya chai ya tangawizi, akanikabidhi kikombe na kuifunika mikono yangu kwa yake, kwa sababu chai ilikuwa ikimwagika. Hakuniuliza kama nimechoka. Tulifika Kona Baridi wa mwisho kabisa, na basi likatungoja.

Mfunga msafara

Pole sana, dada. Mimi hutembea nyuma ya wote kwa hiari yangu, na hilo la mapumziko nimelishuhudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku hizi tumekubaliana kwamba dakika za kupumzika huhesabiwa tangu afike wa mwisho, na kwamba wa mbele wavae makoti mara tu wanaposimama, kabla ya kuhisi baridi. Wapo wanaonung'unika.

Kisa changu ni cha Elephant Hill, kule Nyandarua, mlima unaozidi mita 3,500. Unaanza msituni karibu na Njabini, unapita kwenye mianzi ambako tope hukuvuta kiatu, kisha unatokea mahali ambapo watembeaji wamepaita Pa Kukata Tamaa. Hapo ndipo nilipomwona kijana mmoja akihangaika na zipu ya koti lake. Aliivuta, akaiachia, akaivuta tena. Nilipomkaribia niliona kwamba zipu ilikuwa imefungwa hadi kidevuni. Nilimuuliza amekunywa chai saa ngapi, akanijibu jambo jingine kabisa, kwa ulimi mzito, naye hakuwa akitetemeka tena ingawa fulana yake ilikuwa imelowa chepechepe. Anayetetemeka bado mwili wake unapigana. Aliyeacha kutetemeka angali amelowa ndiye wa kutisha. Tulimkinga upepo kwa kusimama tukimzunguka, tukamvua fulana, tukamvika sweta kavu ya sufu, tukampa chai yenye sukari nyingi kidogo kidogo, kisha watatu tukashuka naye. Kilele sikukiona siku hiyo.

Wa Karura

Mimi niseme kweli: Julai siendi zaidi ya msitu wa Karura, hapa hapa Nairobi. Njia ni tambarare, na nikishindwa naita bodaboda langoni. Mnicheke tu.

Niliyerudi

Nimesoma Uingereza miaka miwili, na kikundi cha chuo kilikuwa na desturi ya kutembea mashambani kila Jumapili, hata Desemba. Baridi ya kule ni kali kuliko yetu, lakini adui niliyekutana naye alikuwa saa. Huku tumezoea jua linalozama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Kule, katika vilima vya Peak District, Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri. Siku moja tulichelewa kwa sababu yangu, maana nilikuwa nikiteleza kila tulipovuka ukuta wa mawe kuingia malisho mengine ya kondoo. Giza lilipotukuta, kila mmoja alitoa taa ya kichwani mkobani, isipokuwa mimi. Kiongozi aliniweka katikati ya mstari, akapunguza mwendo, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Tangu nirejee Nairobi hubeba taa mbili, ingawa naona aibu kueleza ya pili ni ya nani.

Mzee wa Kinangop

Vijana wangu, sisi tuliolelewa tukikanyaga sakitu, yaani umande ulioganda, asubuhi kwenda kukamua ng'ombe tunawashangaa kwa jambo moja: mnavaa kila kitu chini ya mlima. Mnapanda mkitoka jasho ndani ya makoti matatu, kisha mnaposimama jasho lile linageuka maji baridi mgongoni. Anza safari ukihisi baridi kidogo, na sweta ikae mkobani, kavu. Kuhusu jinzi, sina la kuongeza.

Mwenye mada

Shikamoo, Mzee, na asante. Jumamosi ya pili ya Julai tunarudi Ngong, nami nimeomba nifunge msafara. Nimeshanunua suruali nyepesi sokoni Gikomba na chupa ya chai ya lita mbili. Swali langu kwa Mzee: je, gambuti zinafaa kwa njia ile?

Mzee wa Kinangop

Marahaba. Hazifai, binti yangu. Zitakuchubua visigino kabla ya kilele cha pili, nawe ndiye utakayengojewa tena.