Wadudu wanaofanana na mbu kando ya Ziwa Victoria: nitawatambuaje?

Swali
Ndugu zangu, naishi Musoma, karibu kabisa na ufukwe. Tangu juzi, kila tunapowasha taa ya barazani, ukuta hujaa wadudu wenye umbo la mbu, na asubuhi nawazoa kwa beleshi. Watoto hulala ndani ya chandarua, lakini nahofia malaria. Je, hawa ni mbu?

Jibu la kwanza
Dada, mkamate mmoja akiwa hai, umtazame kwa kioo cha kukuzia. Mbu ana mrija mrefu uliochomoza mbele ya kichwa, na mabawa yake yana magamba madogo madogo. Mdudu wa ziwani, ambaye hufanana na mbu lakini haumi, hana mrija huo wala magamba hayo. Dume lake lina vipapasio vyenye manyoya kama brashi, lakini usitegemee alama hiyo peke yake, kwa kuwa mbu dume naye anavyo. Chunguza pia anavyotua: huyu huinua miguu ya mbele, ilhali mbu wengi huinua ya nyuma. Tafadhali tusiwaite usubi, maana jina hilo ni la inzi wadogo wanaouma na kueneza upofu wa mtoni.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu maisha yao. Lava, yaani watoto wao wasio na mabawa bado, huishi katika tope la ziwa, ndani ya vijumba vya hariri na matope, na wengi ni wekundu kwa sababu wana hemoglobini, protini nyekundu kama ya damu yetu, ambayo huwawezesha kuishi mahali penye oksijeni haba. Akishapata mabawa, mdudu huishi siku chache tu. Katika makundi yao yanayoruka kama mawingu, huchanganyika na jamaa zao ambao lava wao ni angavu kama kioo, wale ambao watu wa Ziwa Nyasa huwaita kungu na kuwala. Nao pia hawaumi.

Hata hivyo, usiwafagie wakiwa wakavu. Vumbi la miili yao lina hemoglobini ile ile, na huko Sudan, kando ya Mto Nile, wadudu wa jamii hii wamewasababishia watu pumu. Nyunyizia maji kwanza, na taa uihamishie mbali na mlango.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Niliowakamata ukutani wote hawana mrija, na waliinua miguu ya mbele kama mlivyoeleza. Lakini chumbani, juu ya chandarua, nimewakuta wawili wenye mrija, wametua mshazari, kichwa chini na tumbo juu.

Jibu la kwanza
Hao wawili ni Anofelesi, mbu wa malaria. Chandarua kisitolewe.