Naomba ushauri: Kitulo na Ruaha na watoto, twende mwezi gani?

Habari wakuu. Mimi na mke wangu tuko Mbeya, tunataka kurudi hifadhi za taifa za Kitulo na Ruaha kwa gari letu, tulale kwenye hema kama zamani kabla ya watoto. Sasa tunao wawili, miaka 6 na 9. Kinachotuchanganya ni majira. Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Ruaha wanyama huonekana vizuri kiangazi, wanapokusanyika mtoni. Natamani sana wanangu wayaone yale maua. Ila zile kona 57 za kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, kwenye utelezi, na RAV4 kuukuu, kweli naogopa. Halafu baridi ya usiku kule juu, mita 2,600, wataiweza? Aliyepita na familia kipindi cha mvua anisaidie, tafadhali.